Mradi wa timu wa kifaa tiba kwenye uzamili: mwongozo kamili, kuanzia wodini mpaka siku ya kutetea

Timu nyingi za uzamili zinakwama sehemu ileile. Zinafika mwisho wa mwaka na prototaipu nzuri kabisa, taa zinawaka, skrini inaonyesha namba, halafu mtahini anauliza swali moja tu, "mmejuaje kwamba hii inatosha kwa mgonjwa?", na hapo watu wanaanza kutazamana. Uhandisi wenyewe mara nyingi uko sawa. Kinachokosekana ni uzi unaotoka kwenye shida ya wodini, unapita kwenye masharti yaliyoandikwa, unapita kwenye hatari, mpaka kwenye karatasi ya kipimo.

Mwongozo huu ni wa kuufuma huo uzi tangu wiki ya kwanza. Ili tusiongee hewani, nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: kifaa kidogo kinachobanwa kwenye chemba ya dripu, kinahesabu matone kwa sensa ya mwanga na kumuita nesi kasi ikibadilika. Mradi wenu unaweza kuwa kitu kingine kabisa, hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

- Mtu wa kliniki aliyekubali kuwapa muda unaojulikana, na msiishie kwa daktari bingwa ambaye hapatikani. Nesi anayekitumia kifaa kila zamu na fundi wa vifaa tiba anayekitengeneza kikiharibika watawafaa zaidi.
- Viwango husika, viombeni maktaba ya chuo mapema: ISO 14971 (hatari), IEC 62366-1 (utumiaji), IEC 60601-1 (usalama wa umeme), IEC 62304 (softiwea) na ISO 10993-1 kama kuna kitu kinagusa mwili. Si lazima msome vyote neno kwa neno, ila lazima mjue kipi kinawahusu na kwa nini.
- Tarehe za vikao vya kamati ya maadili. Ziandikeni kwenye kalenda leo.
- Folda moja ya pamoja inayotunza matoleo, na daftari la dizaini lenye tarehe. Maamuzi yaliyofanyika kwenye grupu la WhatsApp yahamishwe humo siku hiyohiyo, la sivyo hamtayapata tena.
- Jedwali moja la kompyuta lenye safu hizi: namba ya sharti, sharti lenyewe, chanzo chake, hatari inayohusika, kipimo, matokeo, mwenye nalo. Hili ndilo moyo wa mradi.
- Vyombo vya kupimia vilivyohakikiwa. Kwa mfano wetu ni mizani inayosoma 0.01 g, saa ya kuhesabia sekunde, multimita na osiloskopu.
- Pesa ya raundi ya pili. Tengeni angalau theluthi ya bajeti msiiguse mpaka prototaipu ya kwanza ishindwe, maana itashindwa.

## Hatua ya 1: Gawaneni kazi kwa matokeo

Mazoea ni kugawana kwa fani, yaani wa umeme achukue saketi, wa mitambo achukue boksi, wa kompyuta achukue programu. Inaonekana sawa ila inaacha mashimo, kwa sababu hakuna fani inayoitwa "hatari" wala "ruhusa ya maadili", na kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

Kwa hiyo juu ya ule mgawanyo wa fani wekeni wenye dhamana wanne: wa masharti, wa hatari, wa vipimo, na wa kliniki na maadili. Mtu mmoja anaweza kubeba fani moja na dhamana moja. Andikeni kwenye ukurasa mmoja, wote msaini, na mkubaliane mapema mtafanya nini mtu akipotea wiki mbili bila taarifa. Hilo ongeeni mkiwa bado mnapendana.

Angalizo: aliyetengeneza sehemu asiwe ndiye anayeipima. Si kwamba atadanganya, ila mkono wake umeshazoea kukishika kifaa kwa namna kisichogoma.

Imefanikiwa ikiwa: ukimuuliza yeyote kwenye timu "nani ana jedwali la hatari?" unapata jina moja, na ni lilelile kwa wote.

## Hatua ya 2: Nendeni mkaangalie kazi inavyofanyika

Msianze na wazo la kifaa. Ombeni ruhusa ya kukaa wodini au kliniki, na hapa muwe makini, sehemu nyingi hata mahojiano tu yanahitaji kibali cha kamati, ulizeni kabla hamjaingia. Ombi la kibali cha majaribio ya watumiaji ya hatua ya 6 nalo litumeni kipindi hikihiki, maana kamati huwa zinarudisha fomu angalau mara moja na kila mrudisho unakula wiki.

Mkiwa kule, maswali ya "ungependa kifaa cha namna gani?" yanaleta majibu ya adabu. Semeni "nionyeshe unavyofanya" halafu nyamazeni. Kwenye dripu mtaona nesi anasimama, anatazama saa, anahesabu matone, anazungusha kibano cha gurudumu mpaka kasi inakaa sawa, anaondoka. Dakika chache baadaye mgonjwa anakunja mkono, au anainuliwa akae, urefu kati ya chupa na mshipa unabadilika, na ile kasi aliyoiweka haipo tena. Nesi hakukosea popote. Hilo ndilo jambo mlilokwenda kulitafuta, na hakuna mtu angeliandika kwenye dodoso.

Mkirudi, andikeni sentensi moja yenye vitu vitatu: shida, watu inaowapata, na badiliko mnalotaka kuliona. Kusiwe na kifaa ndani yake.

Mbaya: "Tunahitaji mfumo wa kisasa wa kufuatilia dripu kwa simu." Hapo mmeshachagua jibu.

Nzuri: "Wagonjwa wanaopewa maji ya dripu yanayoshuka kwa mvutano wa dunia hupata kasi tofauti na iliyoagizwa baada ya kubadili mkao, na nesi mwenye wagonjwa wengi anachelewa kujua. Tunataka ajue ndani ya dakika 2."

Imefanikiwa ikiwa: nesi akiisoma hiyo sentensi anasema "ndiyo, hivyo hivyo" bila nyie kumfafanulia.

## Hatua ya 3: Andikeni masharti yenye namba, na kila namba iwe na chanzo

Hapa ndipo miradi inapopona au kufia, kwa hiyo kaeni hapa muda mrefu kuliko mnavyodhani inafaa, na msiguse printa ya 3D mpaka toleo la kwanza la jedwali likamilike.

Maneno kama "rahisi kutumia", "nafuu", "sahihi" na "imara" hayapimiki, kwa hiyo hayana kazi kwenye jedwali. Chukueni kila neno la namna hiyo mliulize: kiasi gani, katika hali gani, na nani kasema?

Tuone kwa dripu. Mgonjwa kaagizwa mililita 1000 kwa saa 8, hiyo ni mililita 125 kwa saa. Seti ya kawaida ya watu wazima inatoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo 125 mara 20 gawanya kwa 60 unapata kama matone 42 kwa dakika. Seti ya matone madogo, ile inayotumika sana kwa watoto, inatoa 60 kwa mililita, na huko matone kwa dakika yanakuwa sawasawa na mililita kwa saa. Zipo pia seti za 10 na 15. Ukishapiga hesabu hizo masharti yanaanza kujiandika yenyewe:

- S-01: kihesabu kuanzia matone 5 hadi 180 kwa dakika. Chanzo: hesabu za maagizo tuliyoyaona wodini, pamoja na akiba kidogo.
- S-02: kosa la kasi lisizidi 10% ya kipimo cha mizani. Chanzo: makubaliano na daktari, yameandikwa na kusainiwa tarehe fulani.
- S-03: kengele ilie ndani ya sekunde 120 kasi ikitoka nje ya mipaka. Chanzo: sentensi ya hatua ya 2.
- S-04: kifanye kazi dirishani kwenye jua na chini ya taa za wodi. Chanzo: tuliyoyaona, kwa sababu jua lina mwanga wa infraredi na linaweza kuipofusha sensa.
- S-05: kivumilie kufutwa kwa alkoholi ya 70% kila baada ya mgonjwa. Chanzo: utaratibu wa usafi wa wodi.
- S-06: betri ikae saa 12 bila kuchajiwa. Chanzo: urefu wa zamu.

Safu ya chanzo wengi wanairuka, na ndiyo inayowaokoa siku ya kutetea. Namba isiyo na chanzo ni maoni. Na kama namba ni makadirio yenu tu andikeni "makadirio, itahakikiwa" na jina la atakayeihakiki, hakuna aibu hapo.

Angalizo: masharti yatabadilika, hilo ni kawaida kabisa, ila yasibadilike kimyakimya. Kila badiliko liwe na tarehe, sababu na jina. Timu inayoshusha sharti baada ya kipimo kushindwa bila kuandika sababu imejiharibia ripoti nzima.

Imefanikiwa ikiwa: mhandisi asiyewajua anaweza kusoma mstari mmoja na kubuni kipimo chake bila kuwapigia simu.

## Hatua ya 4: Uchambuzi wa hatari, kabla ya michoro

Wengi wanaliacha hili mpaka wiki ya ripoti, wanajaza jedwali lenye "moto", "umeme" na "kifaa kuanguka", basi. Hiyo ni kujaza fomu tu.

ISO 14971 inataka mfuate mnyororo: chanzo cha hatari, mfululizo wa matukio, hali ambayo mtu yuko hatarini, halafu madhara. Chukueni ile hesabu ya juu. Kifaa kimewekwa kwenye seti ya matone 60 kwa mililita lakini iliyofungwa ni ya 20. Kinahesabu matone 42 kwa dakika kwa usahihi kabisa, kinaonyesha mililita 42 kwa saa, nesi anaridhika, kumbe mtoto anapokea 125, mara tatu ya alichoagizwa. Sensa haijakosea hata tone moja na S-02 imepita. Hatari za namna hii ndizo zinaumiza watu, na huwezi kuziona kwa kuiangalia saketi, unaziona kwa kufuata mikono ya mtumiaji hatua kwa hatua.

Mkishapata mnyororo, dawa zake zina mpangilio na msiupindue. Kwanza badilisheni dizaini yenyewe hatari isiwepo, kwa mfano kibanio kinachoingia kwenye chemba ya aina moja tu. Ikishindikana wekeni kinga, mfano kifaa kigome kuanza mpaka nesi athibitishe aina ya seti. Maelezo na stika za tahadhari ni za mwisho, na mtu aliyechoka saa tisa usiku hasomi stika.

Kama mtu kwenye timu anasema "hiyo programu itazuia", mkumbusheni Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya vifaa vinavyozuia dozi kubwa, Therac-25 ikategemea programu, na kati ya 1985 na 1987 kukatokea matukio sita yanayojulikana ya wagonjwa kupigwa mionzi kupita kiasi, baadhi wakafariki. Kasoro mojawapo ilijitokeza pale tu mtumiaji mzoefu alipohariri data haraka haraka. Kwa hiyo kwenye majaribio yenu wekeni mtu mwenye vidole vyepesi.

Imefanikiwa ikiwa: angalau masharti machache mapya yamezaliwa kutokana na hatari. Kama uchambuzi haujabadilisha chochote kwenye dizaini basi haujafanyika.

## Hatua ya 5: Prototaipu moja, swali moja

Msijenge kifaa kizima kwa mkupuo. Kila prototaipu ijibu swali moja lililoandikwa juu ya ukurasa kabla ya kuanza. Je sensa inaliona tone kwenye jua? Hapo unahitaji LED, sensa na waya mezani, boksi halihitajiki. Je kibanio kinafungika kwa mkono mmoja? Hapo kadibodi inatosha, elektroniki haihitajiki. Mkiunganisha vyote mapema, kikigoma hamtajua kimegomea wapi.

Halafu plastiki, jamani. PLA ya printa ya 3D inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, inafanya kazi kwenye 121 au 134, kwa hiyo kipande chochote cha PLA mnachosema "kitachemshwa tu" kitatoka kimepinda. Akriliki nayo inang'aa vizuri lakini ikiwa na mkazo ndani halafu ikafutwa na alkoholi inapata nyufa ndogondogo. Chagueni plastiki kwa kuisoma S-05, uzuri wa picha uje baadaye.

Angalizo: kama kuna mrija wowote kwenye mradi, someni familia ya ISO 80369, viwango vya viungio vya mirija, kabla ya kuchagua kiungio. Viungio vya kulishia na vya mshipani vilitenganishwa makusudi ili mtu asiweze kuviunganisha kwa makosa, na timu inayochapisha kiungio cha kwake kinachoingia popote inaondoa ulinzi uliopo.

## Hatua ya 6: Wapeni watumiaji, halafu kaeni kimya

Watu 5 hadi 8 wa kila kundi wanatosha kwa raundi ya kurekebisha, na fanyeni raundi mbili au tatu ndogo badala ya moja kubwa mwishoni. Hayo ni ya kujifunza. Majaribio ya mwisho ya utumiaji kwa ajili ya soko ni kitu kingine, mwongozo wa FDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani) wa 2016 unataja angalau watu 15 kwa kila kundi la watumiaji, na kwenye mradi wa chuo semeni wazi mmefanya yapi.

Mpeni kazi, msimpe mafunzo: "mgonjwa huyu kaagizwa hivi, weka." Avae glovu, kuwe na kelele, katikati ya kazi mtu amuite. Tumieni mkono bandia au chupa na ndoo, bila mgonjwa. Andikeni makosa, makosa yaliyokaribia kutokea, na zile sekunde ambazo kidole kinasimama hewani kikitafuta kitufe, maana hizo zinasema mengi kuliko dodoso la "umeridhika kiasi gani" ambalo watu hujaza vizuri kwa kuwahurumia.

Ridhaa ichukuliwe kwa maandishi kabla, na majina yasikae kwenye faili moja na data.

Imefanikiwa ikiwa: mnaweza kuonyesha kosa mliloliona raundi ya kwanza, mlichobadilisha, na kwamba raundi ya pili halikurudi.

## Hatua ya 7: Pimeni kwa protokali iliyosainiwa kabla

Kuna maswali mawili tofauti na kila moja lina ushahidi wake. Uhakiki unauliza: tumetengeneza tulichokiandika? Uthibitisho unauliza: tulichokiandika ndicho mtumiaji alichohitaji? Kihesabu chetu kingeweza kupita uhakiki wote na bado mtoto apokee mara tatu, kama tulivyoona.

Kwa kila sharti andikeni kabla ya kupima: vifaa, hatua, idadi ya marudio, na kipi kitahesabika kuwa kimepita. Msimamizi asaini, tarehe iwekwe. Kwa S-02 njia ni ya uzito: wekeni chombo juu ya mizani, acheni maji yadondoke, linganisheni kasi ya kifaa na gramu, kwa sababu mililita moja ya maji ya joto la chumba ni karibu gramu moja. Rudieni kwenye kasi ya chini, ya kati na ya juu, kwa seti za aina tofauti, na pia chemba ikiinama, kwani wodini haisimami wima siku zote.

Marudio mangapi? Hapa wengi wanaandika "mara tatu" kwa mazoea. Kwa sharti la ndiyo au hapana kama S-03, majaribio 59 yasiyo na kushindwa hata kumoja yanawapa haki ya kusema, kwa uhakika wa 95%, kwamba kinafanikiwa angalau 95% ya wakati. Mkitosheka na kufanikiwa 90% ya wakati, uhakika ukibaki uleule, ni 29. Kikishindwa mara moja hesabu hiyo haifai tena, na hamruhusiwi kuongeza majaribio mpaka ipendeze. Hatari kubwa ipewe namba kubwa, mantiki ndiyo hiyo.

Angalieni pia mmepima kwa nani. Vipima oksijeni vya kidole vinatumia mwanga wa nanomita 660 hivi na 940 hivi, na utafiti uliochapishwa Marekani 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliojificha, usioonekana kwenye kipima, ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kama kifaa chenu kinapitisha mwanga kwenye ngozi na mmekipima kwa wanatimu wanne tu, matokeo yenu ni ya watu wanne.

Angalizo: kama kifaa kinachomekwa ukutani na kinamgusa mgonjwa, msikiwashe karibu na mtu yeyote kabla ya kupima umeme unaovuja. IEC 60601-1 inaweka kikomo cha mikroampea 100 kwa sehemu za aina BF, zinazogusa mwili, katika hali ya kawaida, na 10 tu kwa aina CF zinazokaribia moyo. Betri inarahisisha mambo sana, itumieni mkiweza.

Kipimo kilichoshindwa kiandikwe kama kilivyo. Mtahini mzuri anaheshimu mstari mwekundu wenye maelezo kuliko jedwali zima la kijani.

## Hatua ya 8: Ripoti, kutetea na kukabidhi

Kama jedwali limetunzwa, ripoti inakuwa kazi ya kulifafanua tu. Wekeni jedwali lote kwenye kiambatisho, ndani ya ripoti yenyewe chagueni minyororo mitatu au minne yenye uzito muieleze mwanzo mpaka mwisho. Semeni kifaa kingeangukia daraja gani, I, II au III kwa FDA, au I, IIa, IIb, III kwa kanuni ya Ulaya 2017/745, na kwa sababu ipi. Kisha orodhesheni masharti ambayo hamkuyafikia au hamkuyapima.

Fanyeni zoezi moja kabla ya siku yenyewe: mtu wa nje achague mstari wowote, na asiye mwenye dhamana yake aoneshe chanzo, hatari na karatasi ya kipimo ndani ya dakika 2. Mkikwama zaidi ya mara moja, tatizo liko kwenye folda, kaeni chini muipange upya.

Mwisho wapelekeeni watu wa wodi ukurasa mmoja wa mlichokipata, kwa lugha yao, hata kama kifaa hakikufika popote. Data za washiriki zifutwe au zihifadhiwe kama mlivyoiahidi kamati, michoro, kodi za programu na jedwali viachwe kwa msimamizi vikiwa na toleo la mwisho lililotajwa wazi, na prototaipu zote zibandikwe lebo "si kwa matumizi ya mgonjwa" kabla hazijaondoka maabara.